Mchuzi wa Mbuzi Bila Mbuzi

Siku ya kuniaga, nyinyi vijana wa jikoni hamkuruhusiwa kupika. Wakubwa walisema si haki mpishi aagwe kwa jasho la wapishi, wakaagiza chakula hotelini. Nyama ilikuja ngumu kama soli ya kiatu cha polisi, imefunikwa na mchuzi mwekundu uliopikwa na mtu mwenye haraka. Niliitafuna nikitabasamu, kwa sababu mpiga picha alikuwa amesimama mbele yangu. Hotuba zilisema nilikuwa mwaminifu, nilikuwa safi, nilikuwa nawahi kazini. Hakuna hotuba iliyosema nilikuwa napika.

Kisha mmoja wenu akaniinamia sikioni: "Papa Kasereka, ule mwiko ya Muzee Bahati, unaachia nani?"

Nilijifanya sikusikia. Mtu akistaafu anaruhusiwa uziwi kidogo. Lakini najua mmekuwa mkiuliza tangu siku mliponiona nakoroga kwa mwiko mpya wa sokoni, na najua baadhi yenu mnasema niliuuza. Sikuuuza. Nawaandikia mjue ulikoenda. Itabidi mnivumilie, maana habari ya mwiko haielezeki bila habari ya mchuzi, na mchuzi, kama mnavyojua, hautaki haraka.

Nilitoka Butembo nikiwa kijana, katika ukoo wa wafanyabiashara, watu ambao kwao mwanamume hushika gunia, hashiki sufuria. Niliposema nimepata kazi ya upishi Goma, baba yangu aliuliza kama nimekosa kabisa cha kuuza. Nilianzia kwenye nyumba ya mapadri, chini ya mpishi mkuu aliyeitwa Muzee Bahati, mtu mfupi, mkimya, mwenye kikohozi alichokitumia badala ya maneno. Nilifika nikiwa nimevaa shati jeupe, nikitegemea kuonyeshwa nyama. Alinipa kiti kifupi na kikapu cha vitunguu.

Nilikata vitunguu mpaka nikasahau sura ya mama yangu. Kisha akaniweka mbele ya babula, lile jiko letu la makala, yaani makaa, nikaange. Nilipoona vimeanza kuwa vya dhahabu, nikanyoosha mkono kuchukua nyanya. Akakohoa. Nikarudisha mkono. Vikawa rangi ya chai. Akakohoa tena. Aliniacha nikae pale mpaka vikawa rangi ya tofali lililoiva, vimelegea, vitamu, havijaungua hata kimoja, na ndipo aliponiambia maneno marefu kuliko yote niliyopata kuyasikia kwake.

"Sikia, mutoto. Nyama ni mugeni mu sufuria. Kitunguu njo mwenye nyumba. Ukikiharakisha, kitakusema mbele ya batu."

Mwiko wake ulikuwa wa mti mgumu ambao hakuna aliyejua jina lake. Muzee Bahati alikuwa anatumia mkono wa kushoto, na kwa miaka mingi ya kukwangua chini ya sufuria, mwiko ulikuwa umelika upande mmoja. Mtu wa mkono wa kulia akiushika, unampinga. Alipochoka na kazi akarudi kwao Masisi, aliuacha juu ya kiti kile kifupi bila kusema neno. Nilijaribu kuushinda kwa muda, nikashindwa, nikajifunza kukoroga kwa kushoto. Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, aliwahi kuniona nikipika hivyo, akamuuliza mke wangu faraghani kama ukoo wetu una ugonjwa.

Nilipohamia mtaa wa Himbi, kwenye nyumba ya shirika, niliukuta ulimwengu mwingine. Nilimpikia mgeni aliyetaka sombe, yale majani ya muhogo, isiyonuka sombe. Nilimpikia daktari aliyeogopa maji, mboga, matunda na vikombe, lakini mishikaki ya barabarani aliila bila wasiwasi wowote. Nilimpikia bwana mmoja aliyekula yai la kuchemsha asubuhi, mchana na jioni, akaandika katika kitabu cha wageni kwamba upishi wa Kongo umemgusa moyo. Wote niliwaelewa, au nilijifanya. Aliyenishinda alikuwa Madame Astrid.

Madame Astrid alikuwa amejifunza Kiswahili vitabuni, akakijua kwa usafi mkubwa, kiasi kwamba walinzi wa geti walidhani ni lugha nyingine. Alikuja jikoni siku aliyofika.

"Bwana Kasereka, ningependa ufahamu kwamba mimi sili nyama."

"Sawa, Madame. Nitapika kuku."

"Kuku ni nyama."

Hiyo ilikuwa habari mpya kwangu. Kwetu nyama ni ng'ombe na mbuzi, kuku ni kuku. Nikasema basi nitamkaangia sambaza. Akasema hata vile visamaki vya ziwani, hapana. Mayai? Hapana. Maziwa? Hapana. Nikafikia jibini la Masisi, ambalo sijaona mzungu akilikataa. Alisita. Niliona mapenzi yakipita machoni mwake, yakaenda zake.

"Hapana," alisema.

Nilimwonea huruma. Katika maisha yangu, mtu anayekula hivyo ama ni mgonjwa, ama ni mwisho wa mwezi. Lakini hakuwa mgonjwa, na kwake mwisho wa mwezi haukuwepo. Alikuwa ameamua tu. Na alichokitaka hasa ni ule mchuzi wa mbuzi na ndizi niliowapikia wafanyakazi kila Ijumaa, ambao harufu yake ilimfuata hadi ofisini. Aliutaka mzito vilevile, wa kushibisha vilevile, ila bila mbuzi.

Hapo nilimkumbuka mama yangu. Siku nyingi za utoto wetu alipika mchuzi wa mbuzi bila mbuzi. Hatukuupa jina, tuliuita mchuzi tu, na kilichokosekana kila mtu alikijua. Kitunguu alikuwa anakikaangia karibu na mlango ulio wazi, ili jirani wanuse na wafikiri yao. Sasa mimi nilikuwa nimeajiriwa, na kupewa aproni yenye nembo, nifanye kazi ile ile ambayo mama aliifanya kwa aibu.

Nikadhani ni rahisi. Nilipika mchuzi wangu wa kawaida, nikaacha kutia mbuzi. Yalitoka maji ya kuoshea vyombo yenye ndizi ndani. Madame alikula kwa adabu, akaomba mkate. Mara iliyofuata nikatupia kila mboga niliyoikuta sokoni, karoti, kabichi, lengalenga, viazi, vyote vikakutana humo kama watu waliokimbia mvua. Alikula zaidi kidogo, akaweka kijiko.

"Ni kitamu, Bwana Kasereka. Lakini ni laini mno. Mdomo wangu hauna kazi. Nataka kutafuna."

Nilikasirika, halafu nikajua ana haki. Mtu halilii mbuzi kwa ladha peke yake, analilia ile kazi ya meno. Nikakaa kwenye kiti kifupi kama kile cha kwa mapadri, nikajiuliza Muzee Bahati angekohoa wapi. Angekohoa mwanzo kabisa. Nilikuwa nimeshughulika na mgeni aliyekosekana, nikamsahau mwenye nyumba aliyekuwepo.

Shikeni basi, kwa sababu hili halikuandikwa popote. Kitunguu kwanza, kingi, katika mafuta ya mawese, moto mdogo, mpaka rangi ya tofali. Wakati huo maharagwe mekundu yawe yamechemka pembeni, na yale maji yake mazito msiyamwage, ndiyo supu yenu, yana nguvu kuliko mifupa ya kununua. Uyoga mkubwa, ule wanaouleta akina mama wakati wa mvua, msiukate kwa kisu. Upasueni kwa mkono, kwa nyuzi zake, mkautie kwenye kikaango kikavu chenye moto mkali, bila mafuta, bila chumvi. Utalia maji yake yote. Acheni ulie. Ukinyamaza na kuanza kukakamaa, ndipo mtie mafuta na chumvi, na hapo meno yatapata kazi. Biringanya lichomwe juu ya makala hadi ganda liwe jeusi, limenywe, lipondwe. Hilo linaleta moshi, ule wa mbuzi aliyebabuliwa manyoya. Karanga zikaangwe na kutwangwa, kwa ajili ya mafuta yanayobaki mdomoni. Nyanya, seleri, kitunguu saumu, pilipili moja nzima isiyopasuka, na ndizi mbichi mwishoni. Vidonge vya supu viacheni. Nilisoma karatasi yake, nikakuta hata kidonge kina kuku wake. Mkimaliza, ondoeni sufuria motoni, mwache mchuzi upumzike kabla ya kupakua.

Madame alipokula huo, alirudi kuongeza, akarudi tena. Tangu hapo kila Ijumaa nilipika sufuria mbili. Walinzi waliicheka ile ya pili, wakaiita chakula cha Kwaresima. Baadaye walianza kuionja, kwa uchunguzi tu, na ikawa inaisha kabla ya ile ya mbuzi. Madame alimaliza mkataba wake akaondoka. Nilidhani mchuzi umeondoka naye.

Sasa nafika kwenye mwiko.

Binti yangu wa kwanza, Masika, ni muuguzi. Alimpenda kijana anayeitwa Claude, fundi wa umeme, ambaye watu wake walikuwa wakulima na wafugaji wa Kalengera, kule Rutshuru, hadi vita vilipowatoa wakaja kupanga nyumba mtaa wa Majengo, hapa Goma. Claude alilelewa na mama yake pamoja na babu yake, Muzee Bizimana. Walitaka kuja kumposa binti, na sisi tukakubali kuwapokea. Naandika hivyo kana kwamba ilikuwa rahisi. Sisi ni Wanande wa Butembo, wao wanazungumza Kinyarwanda, na kwa jinsi nchi yetu ilivyofundishwa kutazamana, pande zote mbili kulikuwa na watu waliokuwa wakisubiri kosa dogo tu ili waseme, "Tuliwaambia."

Katika ukoo wetu wageni wa posa hula kwanza, jibu hutolewa baadaye. Mkubwa wao hupewa kipande cha mbuzi chenye mfupa. Anakila, kisha ule mfupa anamkabidhi bwana harusi mbele ya watu wote, maana yake: kula yako sasa iko nyumba hii. Mgeni akikataa nyama, amekataa binti. Mlinzi wa mila hiyo ni dada yangu mkubwa, Katungu, ambaye ameolewa, amefiwa, amelea watoto na wajukuu, na hajawahi kubadilisha neno moja alilolisema.

Mbuzi wetu alikuwa anatoka Butembo juu ya lori la mjomba. Alifika karibu na Kalengera, mapigano yakafunga barabara, na habari zake zinaishia hapo. Mjini, nyama ilitoweka. Kuku wa barafu walikuwepo, lakini umeme ulikuwa umekatika kwa muda, na nilipowanusa niliona ni heri kumpa mkwe sumu kwa jina lake halisi. Kuahirisha kungesomwa kama kukataa.

Masika alinikuta uani nimeshika tama.

"Papa, pika ile ya Madame."

"Mama yangu, bale ni bachungaji ba ng'ombe. Nibapatie uyoga?"

"Papa, mi nampenda Claude."

Alisema hivyo tu, akabaki amesimama. Nilikwenda kuwasha babula.

Sijawahi kupika kwa woga kama siku ile. Kitunguu nilikipa muda ambao sikuwahi kumpa mtu yeyote. Katungu alikuja kuonja, kama kawaida yake. Alionja mchuzi mtupu kwa ncha ya kijiko, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema mbuzi huyu ni wa mlimani. Nikafunika sufuria.

Wageni walikaa sebuleni, wamevaa vizuri, wakimya. Muzee Bizimana alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye kofia aliyoiweka gotini. Nilimpakulia mimi mwenyewe. Alisali kabla ya kula, na akasali muda mrefu kupita kawaida. Kisha akatia kijiko cha kwanza mdomoni macho yamefumbwa, kama mtoto anayenyweshwa kwinini. Nilisimama mlangoni, mwiko mkononi.

Akatafuna. Akaacha kutafuna. Akafumbua macho, akautazama mchuzi, halafu akanitazama mimi. Nikajua amejua. Akainama, akaendelea kula. Alikula taratibu, mpaka chini, akanyoosha bakuli aongezwe. Watu wake walitazamana. Nilimwongeza, naye akala tena.

Nilianza kuamini tumevuka salama, hapo Katungu akapiga makofi mawili.

"Sasa muzee apewe mufupa, tusikie jibu."

Hakuna aliyesogea. Katungu akachukua upawa, akaenda kwenye sufuria mwenyewe. Akakoroga huku, akakoroga kule.

"Kasereka, mufupa iko wapi?"

Mtu anaweza kusema uongo kwa dada yake, lakini si wakati dada ameshika upawa.

"Haiko mufupa, yaya Katungu. Haiko hata mbuzi. Mbuzi alibakia ku barabara. Ile munakula ni uyoga na maharagi."

"Uyoga?" alisema mjomba mmoja wa Claude, kwa sauti ya mtu anayetaja mwizi. Mwingine alikuwa tayari anaokota kofia yake. Nilimwona Masika nyuma ya pazia ameziba mdomo kwa mikono yote miwili. Nilijisikia mdogo katika nyumba yangu mwenyewe, na nilimwogopea mtoto wangu.

"Ikaleni," Muzee Bizimana akasema.

Wakakaa.

"Mi nilijua tangu kijiko ya kwanza. Mutu wa kuchunga tangu utoto, unafikiri hatajua nyama?"

"Na juu ya nini haukusema, muzee?" Katungu akauliza.

"Juu nilikuwa nakula."

Kicheko kilitaka kuanza, kikakosa mahali. Mzee alikuwa ameweka mkono kwenye koo.

"Kule kwetu, bale batu balichinja ng'ombe zangu mbele ya mulango. Balinikalisha nitazame. Nilikuwa najua kila moja na jina yake, na zile zilikuwa zinanitazama. Tangu ile siku nyama haipite hapa." Akamgeukia Claude. "Leo nilikuya na mupango ya kufunga macho na kumeza, juu yako. Nilikuwa nasali nisitapike mbele ya bakwe."

"Babu," Claude alisema, "si ulituambia ni meno?"

"Meno iko muzima."

Nami niliyekuwa nimeogopa kufumaniwa bila nyama, nilimtazama mtu aliyekuja nyumbani kwangu akiogopa kuikuta. Machozi yalinitoka, na moshi haukuwepo wa kusingizia.

Katungu alijifuta uso kwa ncha ya kitenge chake. Nilidhani yameisha. Lakini Katungu ni Katungu.

"Pole, muzee. Pole sana, kabisa. Lakini mufupa…"

"Mama, mila ni mila," mzee akasema, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. Akanyoosha kidole kwangu. "Nipatie ile muti."

Nilitazama mkononi. Nilikuwa nimeushika mwiko tangu mwanzo, kama nilivyozoea maisha yangu yote. Nikampa. Akapitisha dole gumba pale ulipolika, akalamba mchuzi uliobaki ukingoni, polepole, kama anayemaliza uboho. Kisha akamkabidhi Claude.

"Kamata. Hii njo mufupa yako."

Claude aliupokea kwa mikono miwili, akapiga goti. Katungu akapiga vigelegele, wanawake wa pande zote mbili wakamfuata, na jibu likawa limetoka bila mtu kulitamka. Hakuna aliyeniuliza mimi. Nilitaka kueleza kwamba ule si mfupa, ni urithi wa Muzee Bahati, na kwamba kuna vijana kule Himbi wanautegemea. Lakini Masika alikuwa ametoka nyuma ya pazia, ananitazama, na sijawahi kumwona hivyo. Nikasema amina.

Basi mwiko uko Majengo. Msinilaumu mimi, laumuni barabara. Masika ana zamu zake hospitalini, na upishi hakuupenda tangu utotoni, kwa hiyo anayepika ni Claude. Alikuwa anakuja kwangu Jumapili kujifunza, na ilimchukua muda kuacha kupigana na ule mti.

Jumapili iliyopita, baada ya ile sherehe yenu ya kuniaga, ya nyama ya hotelini, nilikwenda kula kwao. Nilimkuta ameinama juu ya babula, anakoroga kwa mkono wa kushoto. Mama yake alikuwa mlangoni, amekunja uso, na akanivuta pembeni kuniuliza kama kwetu kuna ugonjwa. Nilikaa karibu na Muzee Bizimana, tukapakuliwa. Uyoga ulikuwa na kazi ya meno, moshi ulikuwepo, ndizi hazikuvurugika. Lakini kitunguu alikiharakisha, kidogo tu, kikamsema. Nikaweka kijiko nimwambie.

"Kasereka," mzee akasema bila kuinua macho kwenye bakuli, "nyamaza. Tunakula."